Dodoso Lisilo na Jina

Karatasi thelathini na moja, kidato cha pili,
shule iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, Calama,
mji ambao vumbi la shaba huingia hata kwenye chumvi.
Nilisimama mbele yao na koti langu la unesi
nikasema: Msiandike majina.
Nikasema: Hakuna atakayejua ni nani.
Nikarudia, kwa kuwa Yasna aliinua nyusi
kama mtu aliyekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Usiku nikazipitia mezani kwa kalamu nyekundu,
maji ya chai yakichemka hadi yakakauka.

Umewahi kuvuta? Ndiyo, ndiyo, mara moja, ndiyo.
Nani alikupa ya kwanza?
Hapo ndipo mistari ilipoanza kusema.
Binamu. Mpenzi wa mama.
Nilijichukulia mezani, hakuna aliyekuwa macho.
Mmoja kaandika: Baba, ili nisiogope giza,
gari lilipotuharibikia njia ya mgodini.

Ukipata shida humwendea nani?
Kisanduku cha mzazi, cha mwalimu, cha rafiki.
Mmoja kachora kisanduku chake, cha nne,
akaandika ndani: Simu, ikiwa na chaji.

Juma lililopita ulikunywa chai ya jioni na mzazi mara ngapi?
Sifuri. Mbili. Sifuri.
"Baba yuko juu siku saba, yuko chini siku saba,
na akiwa chini hulala."
"Mbwa anahesabika?"
Nilicheka peke yangu jikoni.
Kisha sikucheka.

Ofisi ya wilaya inataka asilimia.
Walioonja bia kabla ya miaka kumi na minne: asilimia.
Wanaopanda pikipiki wawili wawili bila kofia: asilimia.
Sijui niiweke wapi sentensi ya yule aliyesema
kwao hakuna anayepiga kelele tena,
na kwamba kelele ilikuwa afadhali.

Karatasi ya ishirini na sita.
Sigara kwa juma: 7.
Saba hiyo imekatwa kiunoni kwa kistari,
kistari kinachopanda kidogo upande wa kulia,
kama marehemu baba alivyokata saba zake
kwenye daftari la madeni la duka,
na baba alimfundisha tarakimu mtoto mmoja tu.

Yerko wangu.
Anavuta, tangu Agosti.
Ya kwanza aliikuta siku ya maziko, mfukoni mwa koti la babu:
"ilikuwa bado na harufu yake."
Halali kabla ya saa nane za usiku.
Akiwa na shida: pameachwa wazi.
Chai na mzazi: 0,
na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi:
"mama hufanya kazi ya kutunza watoto."

Niliketi na karatasi ile mpaka jokofu likaacha kunguruma.
Ningeweza kumwamsha. Ningeweza kupekua koti.
Lakini niliahidi mbele ya watu thelathini na mmoja,
naye alikuwa mmoja wao, kule dirishani,
akinitazama kama hanijui.
Nikazijumlisha alama zake pamoja na za wenzake.
Asilimia ikapanda kidogo sana,
kiasi ambacho wilayani hakitamshtua mtu.

Kesho yake niliomba zamu ya jioni ashike mwingine.
Nikanunua mkate, na maparachichi mawili
magumu kama mawe, ndiyo yaliyobaki.
Nikatandika vikombe viwili.

Aliingia, akasimama mlangoni na begi begani.
"Kuna mgeni?"
Nikasema hapana, kaa.

Parachichi halikupondeka. Tulilikata vipande,
tukalila hivyo hivyo kwa chumvi nyingi,
chumvi na vumbi lake.
Hakusema kitu. Sikuuliza kitu.
Koti lake lilinuka moshi, na chini ya moshi
harufu nyingine, ya zamani, niliyoifahamu.
Nikamsogezea sukari.
Akatia vijiko vitatu, akakoroga
polepole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.